Macho Mawili ya Harold Lloyd

Wanaomkumbuka Harold Lloyd humkumbuka akiwa ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa iliyo ukutani mwa ghorofa, magari yakipita chini kabisa. Filamu hiyo, Safety Last!, ilitoka mwaka 1923. Haina sauti, lakini mwonyeshe kijana yeyote wa Majengo au Chang'ombe leo hii, utamwona anashika kiti. Mimi ni mpiga picha. Nimefanya kazi ya studio hapa Dodoma tangu enzi za filamu na chumba cha giza, sehemu kubwa ikiwa pasipoti saizi za watumishi na waombaji kazi, na katika tukio lile jicho langu haliendi kwenye mshale. Linakwenda kwenye barabara iliyo chini. Lloyd na wenzake walijenga ukuta wa bandia juu ya paa la jengo halisi, wakaitega kamera kwa pembe inayoficha jukwaa lenye magodoro lililokuwa chini yake, huku mtaa wa Los Angeles ukionekana wote. Hofu yote inatoka kwenye umbali ulio kati ya kiatu chake na lami.

Kwa hiyo sikushangaa nilipojua kwamba mtu huyu, alipomaliza filamu, aligeukia picha za 3D. Alizipiga kwa zaidi ya miaka ishirini, na inakadiriwa aliacha zaidi ya laki mbili.

Kuna jambo la maisha yake ambalo kila mpiga picha anapaswa kulijua. Agosti 1919, akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa studio akipigwa picha za matangazo. Alishika bomu lililodhaniwa kuwa la maigizo tu, akawa anajifanya kuwasha sigara kwa utambi wake. Kumbe lilikuwa na baruti. Likamkata kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, likamuunguza uso, na kwa muda hakuweza kuona. Haikujulikana kama ataona tena. Macho yalipona. Saa ile ya Safety Last! aliishika akiwa amevaa glavu iliyotengenezwa kuficha vidole vilivyokosekana. Nikiitazama kazi yake ya uzeeni nazikumbuka siku zile, na naamini kabisa kwamba mtu aliyekaa gizani akisubiri kujua hatima ya macho yake hawezi tena kuona kwa mazoea.

Mwaka 1947 ulikuwa wa mambo mawili. Filamu yake ya mwisho ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na huko Milwaukee kampuni ya David White ikaingiza sokoni kamera iitwayo Stereo Realist. Ilikuwa na lenzi mbili mbele, zilizoachana kwa sentimita saba hivi, na kila ukibonyeza ilipiga picha mbili kwa wakati mmoja. Lloyd aliishika kamera hiyo na hakuiacha. Alipiga bustani za nyumba yake ya Greenacres huko Beverly Hills, akawapiga watu wa filamu akina Marilyn Monroe, akabeba kamera kwenye safari zake nchi za nje. Wapenzi wa picha hizi huko Hollywood walipoanzisha chama chao, yeye akawa rais wa kwanza. Alifariki mwaka 1971, na mjukuu wake, Suzanne Lloyd, akazitunza picha na kuchapisha baadhi yake katika kitabu cha 3-D Hollywood cha mwaka 1992. Zinazosambaa zaidi ni za wasichana waliovaa nguo chache. Kwangu mimi hizo si kazi yake bora. Ubora wake uko pale anapoweka tawi au mkono karibu na lenzi, kisha akaliacha jicho litembee hadi mwisho wa upeo.

Msanii mwingine aliyefuata njia hiyo ametugusa sisi kwa karibu. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alikuwa na kamera za namna hii kwenye ziara zao, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha Queen in 3-D. Humo yumo mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, katika picha ambazo ukizitazama kwa kifaa chake unahisi uko chumba kimoja naye.

Siri yenyewe ni rahisi. Inua kidole mbele ya pua, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinahama. Kila jicho linaona kwa pembe yake, kwa kuwa yameachana kwa sentimita sita na nusu hivi, na ubongo hupima tofauti hiyo ukajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akatengeneza kifaa cha vioo kilichopeleka kila mchoro kwenye jicho lake. Picha ya kawaida ina jicho moja. Ukitaka kina, mpe kila mtazamaji picha mbili, moja kwa kila jicho; hizo ndizo picha za jozi.

Teknolojia hii ilikaribia sana kufika hapa kwetu mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha za jozi Unguja. Kisha msafara ukaelekea bara, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa viongozi wake. Speke ameandika kwamba baada ya muda aliamua vifaa vya picha virudishwe pwani, kwani kazi hiyo ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa, na Grant akahamia kwenye michoro ya rangi za maji. Sisi tuliosafisha picha kwa mikono tunaelewa. Kwa njia iliyotumika sana siku zile, kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, na kazi hiyo, isipokuwa kupiga picha yenyewe, ifanyike ndani ya hema lililofungwa lisipite mwanga. Jaribu hilo kwenye joto la nyikani! Basi wakavuka Ugogo, nchi yetu hii ya Dodoma, mwishoni mwa mwaka ule, wakalipa hongo, wakanyeshewa, wakakimbiwa na wapagazi, na kamera haikuwepo.

Hilo linaniuma, kwa sababu sijui nchi inayofaa picha za jozi kuliko hii. Uwanda huu ni nchi ya umbali. Mbuyu unasimama karibu nawe, vichuguu viko nyuma yake, mbele zaidi mawe makubwa yamerundikana, kisha mlima wa bluu. Picha ya kawaida inayakandamiza yote yakawa ukuta mmoja. Mashamba ya zabibu ya Hombolo, yenye mistari ya nguzo na waya inayokimbilia mbali, yanafaa mno. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, inafaa kuliko yote. Mary Leakey alifanya kazi kubwa sana ya kuinakili mwaka 1951, na naiheshimu. Lakini mwamba una mabonde na matumbo, na nakala ya karatasi haiwezi kuyaonyesha.

Na tembe, nyumba yetu ya paa la udongo. Nilimpigia mama yangu mkubwa, kule Mvumi, jozi ya tembe lake kwa ndani, nguzo zikiwa mbele na vihenge nyuma. Alitazama akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, nguzo hii si ningeizunguka nipite nyuma?" Picha nyingine nilizompigia miaka yote alikuwa akizishukuru tu.

Huhitaji Stereo Realist. Simu inatosha, mradi unachopiga kimetulia. Simama, weka uzito kwenye mguu wa kushoto, piga. Hamishia uzito mguu wa kulia bila kuigeuza simu, piga tena. Hapo umesogea kiasi cha nafasi kati ya macho yako. Kwa mlima au bonde hatua hiyo haitoshi: gawa umbali wa kitu cha karibu kwa 30, ndiyo nafasi ya kusogea, kikiwa mita 30, sogea mita moja. Piga alfajiri, kabla upepo wetu haujaanza kuyumbisha majani. Chapisha kila picha kwa upana usiozidi sentimita sita, ya kushoto ikae kushoto, simamisha kadibodi kutoka puani hadi katikati ya jozi, utazame kana kwamba unaangalia mbali, nyuma ya karatasi. Usiharakishe. Picha zitasogeleana hadi ziungane. Wapo wasioweza kuona kina hiki kwa sababu jicho moja ni dhaifu, nao wasilazimishwe.

Dodoma inajengwa haraka tangu serikali ilipohamia, na mwaka 2018 ikawa jiji. Matembe yanabomolewa, mabati yanapanda, na wanaojua kuezeka paa la udongo wanazeeka. Mwenye bibi au babu anayeishi bado kwenye tembe aende mwezi huu na simu yake. Apige nje, apige zizi, aombe ruhusa apige ndani. Nyuma ya kila jozi aandike kijiji, tarehe, jina la mwenye nyumba na ipi ni ya kushoto, kisha aache nakala moja kwa wenyewe.