Kwa Nini Kanisa Likumbuke Ubaguzi wa Rangi?



Baada ya mahubiri yetu juu ya Wagalatia 2, ndugu wengine walituuliza: "Mambo ya weusi na Wazungu yamekwisha. Mbona tunayafufua kanisani?" Tujibu kwa historia ya watu waliompokea Roho Mtakatifu kama sisi.

Uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, ulianza mwaka wa 1906. Aliyeuongoza ni William Seymour, mtu mweusi, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Kabla ya hapo, alipotaka kujifunza Biblia kule Houston, ubaguzi ulimlazimu kusikiliza akiwa nje ya darasa, mlango ukiwa wazi. Lakini pale Azusa, weusi na Wazungu walipiga magoti pamoja.

Mwaka wa 1908 moto huo ulifika Johannesburg, Afrika Kusini. Ibada za kwanza zilifanyika katika nyumba ya ibada ya Waafrika, na watu wa rangi zote waliomba pamoja. Ndipo likazaliwa kanisa la Apostolic Faith Mission. Lakini kabla mwaka ule haujaisha, viongozi waliamua Waafrika wabatizwe baada ya Wazungu. Kisha ubatizo ukatengwa kabisa. Kilichoanzia majini kikaingia kanisa zima: kila rangi upande wake, na mamlaka mikononi mwa Wazungu.

Tazameni matunda yake. Mwaka wa 1977 polisi walimtesa Frank Chikane, Mkristo mweusi wa kanisa hilo, aliyekuja kuwa mchungaji. Yeye mwenyewe ameshuhudia kwamba msimamizi wa mateso yale alikuwa mtumishi katika upande wa Wazungu wa kanisa lilelile.

Mwaka wa 1996 pande hizo ziliungana, na Chikane akawa makamu wa rais wa kanisa. Hawakuungana kwa kusahau. Kosa lisilotajwa halitubiwi, na aliyeumizwa hawezi kumsamehe mtu anayesema hakuna kilichotokea.

Petro naye alihubiri siku ya Pentekoste, akamwona Roho akishuka nyumbani kwa Kornelio. Lakini Antiokia aliiacha meza ya watu wa mataifa, kwa sababu aliogopa watu. Paulo alimkemea mbele ya wote, na Maandiko hayakulificha jambo hilo. Kumbe mtu anaweza kunena kwa lugha na bado akamtenga ndugu yake.

Kwetu leo hakuna benchi la Wazungu. Lakini tunapochagua shemasi, tunauliza mwenendo wake au kabila lake? Binti yetu akiposwa na kijana aliyeokoka wa kabila lingine, tunasema nini tukiwa nyumbani?

Tuwape wazee nafasi washuhudie walivyotengwa. Tusikilize bila kuwakatiza. Kisha kila mmoja wetu ajichunguze: ni nani tumemwacha mezani peke yake? Tumwendee juma hili, kabla ya kukaribia Meza ya Bwana.

Mungu awabariki. Amina.