Malazi ya Joto kwa Mchungaji Anayelala Ronjo

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku kwenye miinuko ya Ngorongoro, Monduli na Hanang ni kali, na huo ndio wakati vijana wetu wengi wanalala nje na mifugo. Mchungaji aliyetetemeka usiku kucha husinzia mchana, na mbuzi hawasubiri aamke ndipo waingie shamba la mtu. Malazi yake basi ni sehemu ya utunzaji wa mifugo, na mnaweza kuyatengeneza hapo bomani.

Wengi huongeza blanketi juu. Blanketi halina joto lake lenyewe. Linazuia joto la mwili lisitoke, na kinacholizuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Upande wa chini uzito wako unaikamua hewa hiyo yote, kisha ardhi inanyonya joto mpaka alfajiri. Ndiyo maana kijana mwenye mablanketi 3 juu na shuka 1 chini huamka amekakamaa. Anza na chini.

Chukua magunia 2 makubwa yaliyobeba nafaka ya kula. Yaliyobeba mbolea, viuatilifu au mbegu zenye dawa yaache, hata kama yamefuliwa. Fumua upande mmoja wa kila gunia na uyaunganishe kwa sindano ya magunia upate mfuko unaozidi kimo cha mlalaji kwa shubiri moja. Jaza nyasi ndefu zilizoanikwa juani siku 3, au maganda makavu ya mahindi. Penye msufi, sufi inashinda vyote hivyo. Shindilia mpaka mtu akilala, unene unaobaki chini yake usipungue vidole 4. Piga mishono ya kukatiza kila baada ya shubiri 2, la sivyo nyasi zote zitakimbilia miguuni. Tandika juu ya turubai kuzuia unyevu. Usijifunike nailoni: mvuke wa mwili utakosa pa kutokea, na blanketi lililolowa halipashi mtu joto.

Wapo wanaofunga machela ya turubai kati ya miti 2 kukwepa matope. Hapo adui ni upepo unaopita chini, na blanketi ukilitandika ndani unalikandamiza tu. Litundike nje, chini ya machela, pembe zake 4 zikifungwa kwenye kamba zile zile, liguse mgongo wa machela bila kubanwa. Likining'inia mbali, upepo utapita katikati. Chagua miti mibichi na imara, wala usilale juu kuliko kimo cha kiti. Moto na uzio wa miiba bado vinahitajika. Machela haimzuii fisi.

Sasa ngozi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ngozi ya kondoo yenye manyoya yake ni tandiko zuri sana, ila itoke kwa mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na kukaguliwa. Ngozi ya kibudu usiitumie kabisa. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja, huenda ameuawa na kimeta. Mzoga huo usiuchune wala kuupasua. Mbegu za kimeta hazifi kwa chumvi wala kwa kuanika, hivyo ngozi ikikauka bado inaambukiza. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite afisa mifugo aelekeze namna ya kuuzika au kuuchoma. Mtu aliyegusa ngozi ya namna hiyo akiota kipele kinachogeuka kidonda chenye gamba jeusi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Kimeta hutibika kikiwahiwa.

Ngozi salama ikwangue mafuta na nyama yote, isugue chumvi ya mawe upande wa ndani, iwambe kwa vigingi na kuikausha kivulini. Jua kali huifanya ikatike.

Kila asubuhi kung'uta malazi na kuyaanika juu ya uzio, ukigeuza pande zote. Usiyaache kwenye sakafu ya udongo ya nyumba kuukuu, kwa sababu papasi hukaa kwenye nyufa na huwaletea watu homa ya vipindi. Usinyunyizie dawa ya kuogeshea mifugo ili kuua kupe au viroboto. Dawa ile hupita kwenye ngozi ya mtu, na mtoto hudhurika upesi zaidi. Mbuzi anayekaribia kuzaa asilale hapo pia, maana maji ya uzazi na kondo vinaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba, nao huambukiza watu.

Nyasi zikianza kunuka uvundo, mwaga zote na uzichome, fua gunia kwa maji ya moto na sabuni, lianike mpaka likauke kabisa, ndipo ujaze mpya.