Impreza au Axela? Barabara ndiyo iamue, si kasi

MNUNUZI wa gari katika mji wa Keroka, ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, huvutiwa kwanza na kasi. Hata hivyo, vilima na mvua za eneo hilo ndivyo vinavyopaswa kumwongoza.

Subaru Impreza na Mazda Axela, inayoitwa Mazda3 kwingineko, hukaribiana kwa ukubwa. Nyingi huingizwa nchini kutoka Japan zikiwa zimetumika. Tofauti imo ndani.

Impreza nyingi husukumwa na magurudumu yote manne, hivyo hushika vyema njia yenye utelezi. Lakini tairi moja likiharibika, kuweka jipya kando ya matatu yaliyolika huchosha mitambo inayogawa nguvu; huenda mwenyewe akalazimika kununua yote manne. Yenye turbo nayo haivumilii oili iliyochakaa.

Axela nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele pekee. Haina gharama hiyo ya tairi, ila hutaabika kwenye mwinuko wa matope.

Kisheria, gari lililotumika haliingizwi Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Lililo nchini tayari, umiliki wake uthibitishwe kwa NTSA, kisha injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu huashiria kuwa inachoma oili.

Anayeishi kando ya lami atatosheka na Axela. Anayepanda kijijini kila jioni achague Impreza, mradi mkopo wa Sacco usimmalizie fedha za tairi. Rahisi ni ghali.