Baridi ya Mbeya, Joto la Seva

Mwezi Juni ukiwa Mbeya alfajiri, hutoki nje bila koti. Wauza viazi wa Uyole huota moto wa mkaa kando ya magunia yao, na pumzi ya kila mtu huonekana kama moshi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa nayo, iliyokaa juu ya mlima ikitazama bonde la Ruaha Mdogo, haipishani nayo sana. Saa hiyohiyo kule Dar es Salaam, viyoyozi vinanguruma usiku kucha vikipooza vyumba vya seva.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu wengi wetu tunaambiwa kwamba tovuti "iko hewani" na tunaishia hapo. Hakuna tovuti iliyo hewani. Kila ukurasa unaoufungua umelala ndani ya kompyuta fulani, kwenye chumba fulani, katika mji wenye jina. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Haina kioo wala kibodi. Ni bamba pana la chuma lenye diski, kumbukumbu na feni ndogo zinazozunguka kwa kasi hadi chumba kizima kinavuma kama mzinga wa nyuki. Huwekwa juu ya nyingine ndani ya kabati refu, na kazi yake ni moja: kusubiri mtu aombe ukurasa, kisha kumpelekea.

Adui wa kwanza wa seva ni joto lake yenyewe. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Kabati moja linalokula kilowati 10 ni sawasawa na pasi 10 za umeme zilizowashwa pamoja ndani ya kabati la nguo, mchana na usiku, mwaka mzima. Hizo ni uniti 240 kwa siku. Kisha kuna uniti za kuondoa hilo joto: kwa wastani wa vituo vya data duniani, kila uniti moja inayotumiwa na seva husindikizwa na zaidi ya nusu uniti nyingine inayokwenda kwenye upoozaji, taa na umeme unaopotea njiani. Ndiyo maana makampuni makubwa yalikimbilia kaskazini mwa Sweden, ambako hewa ya nje inapooza bure. Sisi tunayo baridi yetu, na haiko mbali na ikweta kama ile.

Hata hivyo, mwinuko una gharama zake. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani, pungufu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo feni ileile inayosukuma ujazo uleule wa hewa inabeba joto pungufu. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji ambacho vipimo vyake hufuatwa duniani kote, kinashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa seva za kawaida kikomo cha juu kabisa ni nyuzi 35, lakini ukishapita mita 900 unatakiwa kushusha kikomo hicho kwa nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Kwa Mbeya hesabu inaangukia nyuzi 32 na ushee. Mchana wa Oktoba, mwezi wa joto wa huko, kwa kawaida haufiki hapo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, maana hewa ya bure inaingia nayo yote. Bila vichujio vizuri, feni zitajaa udongo mwekundu ndani ya msimu mmoja.

Baridi peke yake haitoshi. Seva isiyo na njia ya kutokea ni sanduku tu.

Njia hiyo kwetu ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL. Ulifuata barabara kuu na kwa sehemu fulani ulipanda juu ya nguzo za shirika la umeme, TANESCO. Ukisafiri kati ya Iringa na Mbeya, tazama njia kubwa za umeme. Juu kabisa, juu ya nyaya zinazobeba umeme, kuna waya mwembamba uliotandazwa kutoka ncha ya mnara hadi ncha nyingine. Huo ni waya wa kukinga radi. Waya wa aina hiyo unaweza kutengenezwa ukiwa na uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo zikapita nyuzi za kioo zinazobeba data. Radi za Novemba zinapiga chuma cha nje. Kioo kilichoko ndani, ambacho hakipitishi umeme, kinaendelea kupitisha mwanga.

Uzi mmoja wa kioo hicho una unene wa mikromita 125, kidogo tu zaidi ya unywele wa binadamu. Mwanga hupita katikati yake, kwenye kiini cha mikromita 9. Uzi ukikatika, fundi wa faiba hukaa ndani ya hema au nyuma ya gari ili upepo usilete vumbi. Anauchuna ganda lake, anaufuta kwa spiriti, anaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, kisha anaziweka ncha mbili ndani ya mashine yenye skrini ndogo. Mashine inazisogeza hadi zitazamane, cheche ya umeme inaruka, kioo kinayeyuka na kuungana. Dakika chache tu kwa kila uzi, lakini mkongo una nyuzi nyingi, na kila moja ina rangi yake na mwenzake wa upande wa pili. Ukizichanganya rangi, simu ya Songea inakwenda Sumbawanga.

Mwanga nao huchoka. Ndani ya kioo kizuri hubaki nusu yake kila baada ya kilomita 15 hivi, kwa hiyo baada ya kilomita 80 imebaki kama sehemu moja ya arobaini ya ule ulioanza safari. Hapo hujengwa kijumba chenye mitambo ya kuutia nguvu upya. Safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, inahitaji vijumba kadhaa vya namna hiyo, na kila kimoja kinahitaji umeme, betri na jenereta.

Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kijiografia katika ramani hii. Makambako ndipo njia ya Songea inapochepuka. Mbeya ndipo unapokwenda Tunduma kuingia Zambia, Kasumulu kuingia Malawi, na Sumbawanga kuelekea magharibi. Reli ya TAZARA ilipita hukuhuku miaka ya 1970, na bomba la mafuta la TAZAMA liliitangulia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mataifa yasiyo na bahari yamekuwa yakipitisha mizigo yao mlangoni petu kwa nusu karne, na sasa yanapitisha data.

Sasa tufuate ukurasa mmoja. Mzazi aliyeko Mwanjelwa, Mbeya, anafungua tovuti ya shule iliyoko Kihesa, Iringa. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 330 hivi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 3 na ushee. Lakini aliyeitengeneza tovuti hiyo alinunua nafasi ya kuhosti kwa bei nafuu nchini Ujerumani. Ombi la mzazi linateremka mlima wa Kitonga hadi Dar es Salaam, linaingia baharini kwenye nyaya za Seacom au EASSy, linaizunguka Afrika au kupita Bahari ya Shamu, linafika Ulaya na kurudi. Zaidi ya milisekunde 100 zimepotea kwa kila ombi, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Ni kama kumtumia jirani barua kwa kupitia Ulaya.

Gharama ya mzunguko huo tuliiona Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za Seacom na EASSy zilikatika zote mbili karibu na pwani ya Afrika Kusini, wakati njia ya Seacom ya Bahari ya Shamu ilikuwa imekatika tangu Februari mwaka huohuo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mkongo wa Taifa haukuwa na kasoro siku hiyo. Kati ya Mbeya na Iringa mwanga ulipita kama kawaida. Lakini kurasa za watu wa Mbeya na Iringa hazikuwa kwenye mkongo, zilikuwa ng'ambo ya bahari.

Tiba ya jambo hili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuweka seva nchini. Dar es Salaam kuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, na vya watu binafsi vimeongezeka. Ya pili ni vituo vya kubadilishana trafiki ya intaneti, ambako makampuni ya simu na intaneti huunganisha mitambo yao chumba kimoja ili data ya mteja wa huyu imfikie mteja wa yule bila kutoka nje. Cha Dar es Salaam, TIX, ndicho mkongwe. Arusha ikafuata, na baadaye Mbeya nayo ikapata chake. Chumba hicho cha Mbeya ni kidogo na watu wengi wa mjini hawajui kama kipo, lakini kwangu ni miongoni mwa miundombinu muhimu zaidi ya nyanda hizi. Kinachokosekana ni vitu vya kupitisha humo. Swichi ya kubadilishana trafiki bila seva jirani ni stendi isiyo na abiria.

Umeme ndilo swali gumu. Maji yanayotoka Usangu yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, kabla ya kufika Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, inaongeza 180. Nguvu ipo. Lakini Mbeya imekaa mwishoni mwa njia ndefu ya kilovoti 220, na hitilafu yoyote katikati inaufikia mji. Kituo cha data cha daraja la tatu (Tier III) hakitarajiwi kuzima zaidi ya saa 1.6 kwa mwaka mzima. Njia mpya ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma ndiyo itakayoamua, zaidi ya baridi na zaidi ya mkongo.

Hatuhitaji kusubiri jumba kubwa. Makabati mawili matatu yenye betri za kutosha na jenereta, yakiwekwa katika chuo kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Chuo Kikuu cha Iringa, yangebeba tovuti za shule, zahanati na vyama vya ushirika vya mikoa hii na bado nafasi ikabaki. Wanafunzi wangejifunza kwa kushika seva halisi badala ya kuisoma kwenye slaidi, na taarifa za wagonjwa na wanafunzi zingelindwa na sheria yetu ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 zikiwa ndani ya mipaka yetu.

Kwa hiyo, msomaji, safari ijayo utakapomlipa mtu akutengenezee tovuti ya duka, ya parokia au ya saccos yako, muulize seva imekaa mji gani. Akisema hajui, mwambie akaulize kwanza ndipo umlipe.