Mbolea Ibaki Shambani, Ziwa Libaki Safi

Mvua kubwa ikinyesha katika milima ya Umatengo, mito hugeuka rangi ya udongo. Udongo huo hauendi mikono mitupu. Hubeba mbolea mpaka Ziwa Nyasa, ambako jamaa zetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huchota maji na kuvua usipa.

Fosforasi ni nini?
Ni chakula cha mimea, kinachosaidia mizizi na mbegu. Imo katika samadi na katika mbolea za dukani kama DAP na TSP. Naitrojeni huyeyuka upesi katika maji, lakini fosforasi hushikamana na chembe za udongo. Kwa hiyo husafiri hasa pale udongo unapomomonyoka.

Madhara yake
Ikifika ziwani hulisha mwani. Mwani ukizidi, hufa na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa ya majini hata samaki wakakosa pumzi. Aina nyingine za mwani hutoa sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu hiyo haiondoki. Maji ya kijani yenye harufu mbaya tusiyanywe, wala tusiwanyweshe mifugo.

Ziwa Victoria limekwisha kupatwa na msiba huu. Ziwa Nyasa bado lina maji maangavu, lakini kina chake kinapita mita 700 na maji yake hubadilika polepole mno. Likichafuka, watakaoumia ni wajukuu.

Tufanye nini?
Kwanza, tusiache ngoro, kilimo cha wazee wetu. Majani hupangwa miraba na kufunikwa udongo, na shimo la katikati huzuia maji na udongo visiteremke. Kazi ya kuchimba huwaelemea akina mama. Akina baba washike nao jembe.

Pili, mbolea iwekwe kwa kipimo katika shimo la mbegu na kufukiwa. Ikimwagwa juu tu, mvua itaichukua pamoja na fedha yako.

Tatu, samadi isirundikwe karibu na mto.

Nne, tuache majani na miti kando ya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Mwenye shamba mlimani akitunza udongo wake, huvuna vizuri, na mtoto wa ufukweni hunywa maji salama.