Masega Yakitolewa, Injini Inapata Nini?

Mwenye Subaru Impreza ya turbo akifika gereji, iwe Dar es Salaam au Nairobi, akalalamika kwamba gari limekuwa zito, kuna ushauri atakaopewa hata kabla boneti halijafunguliwa: toa masega, kile kifaa cha kusafisha gesi kwenye bomba la moshi. Bomba la moshi linakatwa kwa grainda, kauri ya kijivu iliyomo ndani inapondwa kwa nondo mpaka imwagike chini, kisha kopo tupu linachomelewa palepale. Gari linawashwa, linanguruma, na mwenyewe anaondoka akiamini kiwanda kilikuwa kimemnyima nguvu zake.

Nguvu zipo, tusidanganyane. Ila ni chache kuliko mlio wake, na zinaonekana pale tu pedali ya mafuta inapokanyagwa hadi chini. Sumu ambayo masega yangeisafisha haingoji pedali. Inatoka kwenye foleni, inatoka kwenye taa za barabarani, inatoka mlangoni mwa shule wakati watoto wanashuka.

Wengi huyaita masega chujio, wakati hayachuji kitu. Ndani ya lile kopo mna kauri yenye vijia vyembamba vilivyonyooka, mara nyingi 400 au zaidi katika kila inchi moja ya mraba. Kuta za vijia hivyo zimepakwa oksidi ya alumini yenye vinyweleo vingi kiasi kwamba uso wake wote ukitandazwa unazidi kiwanja cha mpira. Juu ya uso huo zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari zima. Gesi ikizigusa, inabadilika. Monoksidi ya kaboni inaongezewa oksijeni na kuwa dioksidi ya kaboni. Mabaki ya petroli ambayo hayakuungua kwenye silinda, ikiwemo benzeni inayosababisha saratani, yanamalizikia hapo na kuwa maji na dioksidi ya kaboni. Oksidi za nitrojeni zinanyang'anywa oksijeni yake, inabaki nitrojeni, gesi ileile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Masega mazima yaliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo.

Kazi hiyo ina masharti. Masega huanza kufanya kazi yakifika joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na yanataka mchanganyiko wa hewa na petroli uwe karibu sana na uwiano wa 14.7 kwa 1. Ndiyo sababu kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega, inayoiambia kompyuta ya injini iongeze au ipunguze mafuta, na nyingine baada yake, inayokagua kama masega bado yako hai. Ukiyang'oa, sensa ya pili inaona gesi ileile inayoonwa na ya kwanza, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi mjanja huirudisha sensa nyuma kidogo kwa kipande cha bomba ili isione vizuri. Taa inazimika, gesi haijabadilika.

Dereva anapokanyaga mafuta yote, kompyuta inamimina petroli ya ziada ili kuzipoza pistoni na turbo. Mchanganyiko unakuwa mzito, oksijeni haitoshi, na masega hayawezi kuimaliza monoksidi ya kaboni. Mpenzi wa mbio akisema kwamba katika sekunde hizo masega hayamsaidii sana mtu yeyote, hajakosea kabisa. Lakini sekunde hizo ni ngapi katika siku ya gari linalokwenda kazini kwa Barabara ya Morogoro au Thika Road? Muda wote uliobaki injini inakwenda polepole, mchanganyiko uko sawa, na hapo ndipo masega yanafanya karibu kazi yake yote.

Sifa mbaya ya masega ilianzia Marekani, na hesabu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Chukua Chevrolet Corvette. Injini yake ya kawaida ya mwaka 1970 iliandikwa nguvu za farasi 300. Mwaka 1971 mgandamizo wa silinda ulipunguzwa ili ikubali petroli isiyo na risasi, zikawa 270. Mwaka 1972 viwanda vilibadili namna ya kupima: badala ya injini tupu, sasa ilipimwa ikiwa na mfumo wake wa moshi na vifaa vyote inavyovizungusha. Zikawa 200. Mwaka 1974 zilikuwa 195. Masega yalikuja na modeli ya 1975, na nguvu zikashuka hadi 165. Hata tukiyabebesha masega lawama yote ya anguko hilo la mwisho, ni farasi 30 kati ya 135 zilizopotea kwenye karatasi. Tena masega ya General Motors wakati huo yalikuwa kopo lililojaa punje zilizobanana, ambazo kweli ziliibana gesi. Corvette Z06 ya mwaka 2023 inatoa farasi 670 bila turbo, na masega yamo.

Kwenye injini ya turbo, kulegeza njia ya gesi kunasaidia kweli, kwa sababu turbo huzunguka haraka zaidi ikiwa njia ya gesi baada yake haijabanwa. Hatari inajificha hapohapo. Vali inayopitisha gesi pembeni ili kuzuia turbo isizidishe huenda ikashindwa, msukumo wa hewa ukapanda kupita kiwango, petroli ikalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ikavunjika. Anayebadilisha bomba bila kurekebisha programu ya kompyuta ananunua mlio na kuikopa injini.

Zamani ushauri wa kuyatoa ulikuwa na sababu. Risasi iliyokuwa kwenye petroli huzifunika zile chembe za platinamu na kuziua, hivyo gari kutoka Japani lilibaki na kopo la kauri lisilo na kazi. Lakini nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Leo masega yakiziba au kuyeyuka, mara nyingi yameuawa na injini yenyewe: plagi au koili isiyochoma sawasawa, ikapeleka petroli mbichi kuungulia kwenye kauri, au ringi zilizochoka zinazopitisha oili. Ukiyang'oa umeondoa dalili. Ugonjwa unabaki, na moshi wake sasa hauna kizuizi.

Moshi huo unavutwa na mtu mwingine. Monoksidi ya kaboni hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Oksidi za nitrojeni na mabaki ya petroli yakipigwa na jua huzaa ozoni inayochoma mapafu, jambo lililogunduliwa na mwanakemia Arie Haagen-Smit huko California miaka ya 1950. Bodaboda aliyesimama nyuma ya bomba lako hana kioo cha kupandisha, wala mama anayeuza mahindi kando ya foleni.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu fundi ashike grainda, mwambie apime. Afungue sensa iliyo kabla ya masega, afunge geji ya presha mahali pake, awashe injini na kuipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikizidi psi 3 hivi, kuna kinachobana, na kwanza kitafutwe kilichoyaua masega. Kama ni lazima yabadilishwe na unataka gari liendelee kukimbia, agiza ya vijia vipana, 200 kwa inchi ya mraba, halafu programu irekebishwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Na fundi asiye na geji, mshukuru, uende kwa mwingine.