NAMBA ILIYOMSHINDA BWANA FERMAT

Kete 12 za bao zaweza kupangwa safu 3, kila safu kete 4. Kete 13 hazikubali mpango wa namna hiyo. Zitakaa katika safu moja tu. Namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Iliyo ndogo hutambuliwa upesi hata na mtoto wa shule, lakini iliyo kubwa imepata kuwashinda mabingwa.

Katika mwaka 1640 Bwana Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika nchi ya Ufaransa, ambaye alifanya hesabu kwa kuzipenda tu, alizitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Njia ya kutoka moja hadi nyingine ni hii: ondoa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1. Mathalan, 17 ukiondoa 1 yabaki 16. 16 mara 16 ni 256. Ongeza 1, wapata 257. Zote tano ni tasa. Basi Bwana Fermat akaamini ya kuwa na zitakazofuata zitakuwa tasa vilevile, ingawa katika barua yake alikiri kwamba hana uthibitisho.

Ya sita ni 4,294,967,297, yaani zaidi ya milioni elfu nne. Nani atakayeijaribu kwa kalamu na karatasi? Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542, na mtu asiyejua njia ya mkato hana budi kuzijaribu moja moja mpaka apate inayoigawanya. Kwa hiyo neno la Bwana Fermat lilikaa miaka 92 bila kupingwa.

Mwaka 1732 Bwana Leonhard Euler, Mswisi mwenye umri wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, alitangaza ya kuwa namba hiyo yagawanyika kwa 641. Baadaye alieleza njia ya mkato, nayo ni nzuri ajabu: namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya lazima, nayo ikigawanywa kwa 64, ibakishe 1. Namba tasa za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Kazi ya majaribio maelfu imekuwa kazi ya majaribio matano!

Msomaji asiyesadiki na azidishe mwenyewe 6,700,417 kwa 641. Mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 41 ni 274,717,097. Azijumlishe hizo mbili, ataiona namba yetu.

Tangu siku zile wataalamu, sasa wakisaidiwa na kompyuta, wamezichunguza namba za safu hiyo kutoka ya sita hadi ya 33. Hakuna hata moja iliyo tasa.